Mwenye Simu Yumo Humu

Haya sikuhadithiwa na jirani. Nilikuwepo, nimekaa kigodani mlangoni mwa duka la binti yangu, saa nne asubuhi, jua limewaka, nashona vifungo vya shati.

Binti yangu ni mjane. Kazi yake kuchapa barua na kutoa picha. Mteja anatuma kutoka kwenye simu, picha inaruka hewani bila waya, inatua kwenye kompyuta. Mimi kusoma sikujaliwa, ila hili alinifundisha: simu ikiwa mbali, haifiki. Lazima mwenyewe awe hatua chache tu.

Mjukuu wangu wa miaka mitatu alikuwa nyuma ya meza, mkekani, anapanga vifuniko vya chupa.

Akaingia wifi yake binti yangu, yule tuliyembatiza Pilipili. Salamu hakuna.

"Nimemfuata mtoto wa kaka yangu. Mama alikata roho akimtaja. Alisema msipomleta, atakuja mwenyewe."

"Mtoto nimezaa mimi," binti yangu akajibu, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Na hiyo simu ya mama yako, acha kunichezea nayo. Tangu asubuhi inaomba kunitumia picha. Nakataa, inaomba tena."

"Simu gani?"

"Si hii hapa, imejiandika Bi Mkubwa? Usinifanye mjinga. Mwenye simu yumo humu humu dukani."

Pilipili akaumwaga mkoba wake mezani. Leso, funguo, simu moja. Ya kwake.

"Pekua, mchawi we! Ya mama tulimzika nayo. Nilimwekea mimi kiganjani."

Sindano ikanichoma, wala sikuihisi.

Kompyuta ikalia tena. Pokea, au kataa.

"Mwanangu, usiguse," nikanong'ona.

Pilipili akaguna kwa dharau, akapitisha mkono begani kwa binti yangu, akabonyeza pokea. "Hebu tuione hiyo sinema yako."

Picha ikafunguka kutoka juu, taratibu. Meza yetu, kwa nyuma. Mkeka. Mjukuu wangu ameinamisha kichwa. Vidole vyenye udongo vimeshika nywele zake. Nusu ya kichwa imesukwa.

Na asubuhi ile nilimfumua nywele zote kwa mikono yangu.

"Huo msuko wa mama," Pilipili akasema.

Tukageuka.

Mtoto alikuwa peke yake. Upande mmoja wa kichwa umesukwa, mistari midogo, imebana.

"Nani kakusuka, kipenzi?"

"Bibi."

"Bibi si ndiye mimi?"

"Siyo wewe. Yule wa mikono baridi. Kasema akimaliza na upande huu mwingine, tunaenda kwake."

Pilipili alitoka mbio, mkoba kauacha. Hajarudi kudai mtoto. Siku ile ile nilimnyoa mjukuu wangu upara.

Ila picha imegoma kufutika. Jana binti yangu aliifungua, akaniita kwa mkono.

Mle pichani, upande wa pili umebaki mstari mmoja tu kusukwa.