Mkia Niliomshonea Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mtu wa kazi nyepesi na maneno mazito. Mtaani tulimwita Mkurugenzi. Ofisi ya wanyamapori ilimwajiri kupanda mlima mara mbili kwa mwaka kukagua kamera, naye akatembea utadhani mlima wenyewe uko chini yake. Kamera hizo hufungwa kwenye miamba na hupiga picha zenyewe kiumbe kikipita. Zilikuwa zinamtafuta paka-mwitu wa huko juu, mwenye umbo la paka wa nyumbani ila mkia mnene, ambaye wengi waliamini ameshakwisha.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa dukani kwangu nashona sare za shule. Mkurugenzi akaingia bila hodi, akakalia vitambaa vyangu.

"Shemeji, una mabaki ya manyoya? Nishonee mkia."

"Mkia wa nini?"

"Wa paka. Wewe shona, utaalamu niachie mimi."

Nilishona. Niliona ni upuuzi wake wa kawaida, na upuuzi wa mtu yule ulikuwa mwingi mno kuuhoji mmoja mmoja.

Kumbe kamera zote zilikuwa stoo kwake, bado kwenye maboksi. Hakuwahi kupanda mlima hata siku moja. Muda huo wote alishinda kwa rafiki yake akicheza karata. Sasa ofisi ilitaka picha. Basi bwana mkubwa akamkamata paka wa jirani, jike aliyekuwa ananyonyesha, akampaka madoa kwa rangi ya nywele ya dada, akamfunga mkia wangu, akampiga picha kwenye machimbo ya mawe nyuma ya mtaa.

Yule paka alishinda akijiramba ile rangi. Kesho yake akafa. Watoto wake walilia chini ya ngazi ya dada siku tatu, sauti ikipungua kila siku, mpaka ikaisha.

"Paka tu hao," Mkurugenzi akasema, huku akikata kucha.

Picha zikapendwa. Ofisi ikamleta mtafiti, mama mmoja mpole wa miwani, aliyemsaka paka huyo miaka kumi na tisa. Alizitazama picha moja moja, kisha akazirudia tangu mwanzo. Na mjinga yule, badala ya kuona aibu, akamwahidi kumfikisha mpaka pangoni.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mtafiti mwenyewe.

Siku ya tatu ya safari, saa sita mchana, ukungu ulishuka. Walikuwa kwenye kijia chembamba: mpagazi mbele, Mkurugenzi katikati, mtafiti nyuma. Mkurugenzi alikuwa akihema na kulalamikia viatu. Kisha akanyamaza.

"Mnasikia?" akanong'ona. "Kuna vitoto vinalia."

Wenzake hawakusikia kitu.

Mtafiti aliinama kufunga kamba za kiatu. Alipoinuka, mbele yake alikuwapo mpagazi peke yake. Hapakuwa na kishindo. Hapakuwa na ukelele. Nyayo za Mkurugenzi zilikuja kwenye tope mpaka katikati ya njia. Zikaishia hapo.

Walimpata baada ya siku mbili, ndani ya ufa ulio juu kabisa kwenye ukuta wa mwamba. Mpagazi alimfikia kwa kamba. Alikuwa hai, amejikunja, magoti kifuani. Nywele zake zilikuwa zimelowa na kulazwa zote upande mmoja. Uso ulikuwa mwekundu, umechubuka kama uliosuguliwa kwa msasa. Siku mbili bila chakula, na hakuwa na njaa. Mdomo wake ulinuka maziwa.

"Nani amekuleta huku?" mpagazi akamuuliza.

"Sema polepole," akanong'ona. "Ameenda kuwinda. Anarudi."

Waliporudi, mtafiti alizikuza zile picha akauona uzi kwenye mkia. Akaulizia mafundi mpaka akanifikia.

"Huu mshono ni wako?"

Nikasema ni wangu. Hakunitukana. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza yote haya, akavua miwani na kuifuta muda mrefu. Siku hiyo nilijidharau karibu kama ninavyomdharau shemeji.

Mkurugenzi alifukuzwa kazi. Sasa anashinda amejikunja kwenye kona ya chumba, mwanaume wa miaka arobaini na nne, hali kitu ila maziwa. Dada akitoka hata kwenda bombani, anaanza kulia kwa kisauti chembamba. Naye akisikia kishindo darini, ananyamaza na kuinua shingo.

"Mdogo wangu," dada aliniuliza juzi kwa sauti ya chini, "akija kumchukua, nimzuie?"

"Mwache amchukue," nikamwambia. Dada hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Alikuwa ameniletea koti ambalo mumewe alirudi nalo kutoka mlimani, nimzibie kola. Nyuma ya kola kulikuwa na matundu manne, mawili juu, mawili chini, yaliyopenya safi mpaka bitana. Shingo ya shemeji haina hata mkwaruzo. Nilipima kwa futi yangu kutoka tundu moja hadi la pembeni yake. Inchi saba.

Koti lilikuwa limekaa kabatini kwa dada mwezi mzima, mlango umefungwa kwa ufunguo. Nilipoligeuza kutafuta pa kuanzia, vidole vyangu vikateleza. Kuzunguka matundu, kitambaa kilikuwa kimelowa mate, na mate yenyewe bado yalikuwa ya moto.