Ua la Bahari Lisilokula

Asubuhi ile Mwajabu alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu, kama alivyofanya kila siku kabla ya kwenda shule. Shangazi Fatu alitoka ndani, akamwondolea sufuria mkononi taratibu.

"Acha, mwanangu," alisema. "Baba yako ametutoka."

Baba yake, Seleman, alikuwa amerudi na homa kutoka kukata mikoko, na homa haikumwacha. Alizikwa alasiri, na kijiji kizima cha Kiongoroni kilikuja.

Kando ya jiko ilibaki ndoo aliyorudi nayo. Ndani yake, juu ya jiwe, alikaa mnyama laini mwenye mikono mingi myembamba. Watoto walimwita ua la bahari. Mwalimu Kibwana alikuwa na tangi la kioo aliloachiwa na Mzungu mmoja wa idara ya misitu alipohamishwa, naye aliwaomba wazazi wamletee viumbe vya kuwaonyesha wanafunzi. Seleman ndiye pekee aliyeleta. Baada ya mazishi mwalimu aliibeba ile ndoo mwenyewe mpaka shuleni.

Siku za matanga wanawake walimwekea Mwajabu sahani ya wali na kumwambia, "Kula. Usipokula, mama yako atazidi kulia." Hakuwa na hamu ya kula. Basi alikuwa akienda nyuma ya nyumba, anawamwagia paka ule wali, kisha anarudi na sahani tupu. Mama yake, aliyekuwa ndani amekaa eda, aliambiwa kwamba mwanawe amekula, akatulia kidogo.

Mwajabu aliporudi shule, Mwalimu Kibwana alimpeleka kwenye tangi, akampa kijiti na kipande kidogo cha kamba mbichi.

"Ua hili ni la baba yako," alisema. "Wewe ndiwe utakayelilisha."

Ua lilikuwa limejikunja kama ngumi. Mwajabu alishusha kile kipande taratibu, kikazama mpaka chini. Akakiokota, akalisukumia tena. Ua likazidi kujikunja. Kesho yake asubuhi kipande kilikuwa palepale, kimekuwa cheupe.

"Je, limekula?" mwalimu aliuliza kutoka mlangoni. Darasa zima liligeuka.

Mwajabu alikuwa amekwisha kukitoa na kukitupa dirishani. "Limekula, Mwalimu."

"Vizuri sana. Mwambie mama yako kwamba ua la mumewe linakula."

Alimwambia. Mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Baada ya tabasamu lile Mwajabu hakuona njia ya kusema vingine. Kila siku alitupa kipande dirishani, na kila siku alijibu, "Limekula." Ua lilizidi kunywea, na yeye akazidi kukwepa kulitazama.

Aliyegundua alikuwa Zaidi, mvulana aliyekaa nyuma yake.

"Mwalimu, huko nje sisimizi wanakula vizuri kuliko sisi," alisema. "Wana kamba wengi chini ya dirisha la Mwajabu."

Watoto walicheka. Mwalimu alitoka nje, akatazama, akarudi. Uso wa Mwajabu uliwaka kwa aibu. Alitamani benchi lake lingekuwa tupu.

"Limewahi kula hata mara moja?" mwalimu aliuliza.

"Halijawahi, Mwalimu."

Mwalimu hakumkaripia, na hilo lilimuumiza zaidi. Aliinama juu ya tangi, akachovya kidole, akakiweka ulimini. Kisha akachovya tena.

"Maji haya anayateka nani?"

"Mimi na Huseni," Zaidi alijibu kwa majivuno. "Tunabadilisha kila siku."

"Mnateka wakati gani?"

"Maji yakipwa, Mwalimu. Ndiyo saa ya kuteka maji."

"Saa ya kuteka maji ya wali," mwalimu alisema.

Wote walielewa. Masika ilikuwa imeujaza mto, na bahari ikipwa, maji ya mto yasiyo na chumvi hujaza vijito vyote vya delta. Saa hiyo ndiyo mama zao huwatuma na mitungi, kwa sababu maji yanafaa kupikia. Zaidi na Huseni waliteka kama walivyofunzwa nyumbani. Lakini ua la bahari lilitaka chumvi. Sasa Zaidi naye aliinamisha kichwa.

"Kosa hili ni letu sote. Hata mimi sikuwaambia," mwalimu alisema. "Ila Mwajabu, nilikuwa nakuuliza kila siku kwa sababu mnyama huyu hana mdomo wa kusema. Ungeniambia siku ya kwanza kwamba halili, ningeyaonja maji siku ya kwanza. Jibu la kunifurahisha halikulisaidia kitu."

Jioni Mwajabu aliingia chumbani kwa mama yake, akasimama karibu na mlango.

"Mama, lile ua halikuwa likila. Nilidanganya."

"Na wewe?" mama aliuliza. "Wale waliokuwa wakiniambia umekula, walisema kweli?"

"Hapana. Wali niliwamwagia paka."

"Kumbe nimekuwa nikipata usingizi kwa uongo." Mama alimvuta akaketi. "Nilikuwa nakuona unakonda, nikasema ni majonzi, yatapita. Mwanangu, anayekuuliza hali yako anatafuta mahali pa kuanzia kukusaidia. Ukimficha, anabaki nje ya mlango. Mimi pia sijala tangu asubuhi. Mwambie shangazi yako alete sahani moja, tujaribu pamoja."

Mwajabu alikula matonge machache tu, na mama hakumhimiza.

Zaidi na Huseni walianza kuteka maji bahari ikiwa imejaa kabisa. Mwalimu aliwaamuru wayatie kidogo kidogo, ili ua lisishtuke, na akakataza kulilisha mpaka lifunguke lenyewe. Lilipofungua mikono yake, Mwajabu alishusha kipande chembamba cha kamba kwa kijiti. Mkono mmoja ukakishika, kisha mingine, kikaingia ndani. Mwajabu alibaki ameinama pale, machozi yakimtoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Siku hizi ua la bahari linalishwa Jumatatu na Alhamisi. Mwajabu ndiye anayelilisha. Likikataa, anasema limekataa.