Ndoo ya Maji ya Saa Sita

Katika mji ule wa jangwani jua halikuwa na likizo. Mvua ilinyesha mara moja kwa mwaka, tena kwa haraka, kama mgeni aliyekosea mlango. Watu wakaamua kulitumia jua lenyewe: paneli sita za sola ziliendesha pampu, pampu ikajaza tangi, na bomba la mtaa likatoa maji mchana kutwa. Kando ya uzio wa paneli palikuwa na uwanja wa mpira wenye paa la kivuli, mahali pekee ambapo watoto waliweza kucheza bila kuungua.

Watoto nao walikuwa na kazi moja tu: kufuta vumbi kwenye paneli, kila mmoja kwa zamu yake. Fundi wa pampu hakuchoka kuwakumbusha. "Alfajiri, kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa kikavu. Jua likishapanda, msikiguse!"

Ijumaa moja, shule zikiwa zimefungwa, ilikuwa zamu ya Chiriku. Jina hilo la ndege mwenye kelele alipewa na mama yake, maana mdomo wa binti huyo haukujua kupumzika. Alfajiri hiyo alipita kwanza kwa rafiki yake kumweleza jambo dogo, na jambo dogo likazaa mengine kumi. Alipokumbuka zamu yake, ilikuwa saa sita mchana.

"Nikianza kufuta kwa kitambaa sasa hivi, nitachukua muda na nitaonekana," alijiambia. Akachota ndoo ya maji baridi mtungini, akaimwagia paneli ya kwanza kwa mkupuo mmoja.

Ta! Kioo kikapasuka, nyufa zikatambaa pembe hadi pembe.

Chiriku alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Akaenda nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jioni maji yalitoka bombani kama uzi. Foleni ya ndoo ikawa ndefu na akina mama wakanung'unika. Fundi alikwenda kukagua, akaiona paneli, akaona na mpira umelala kando ya uzio. Hakutafuta ushahidi mwingine.

"Waharibifu nyie!" aliwafokea wavulana wa timu ya mpira mbele ya mama zao. "Kuanzia leo hakuna kucheza hapa." Akalitia lango la uwanja kufuli.

Mdogo wake Chiriku, golikipa wa timu, alirudi nyumbani akilia. "Dada, wallahi hatukupiga mpira kule. Na kesho tuna mechi!"

"Pole," alisema Chiriku, akaenda kukaa pembeni.

Mama alimgusa paji la uso. "Chiriku wangu, leo huna hata hadithi moja? Unaumwa?"

"Hapana, mama."

Chiriku alisukuma sahani kando. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yao wenyewe.

Asubuhi aliwakuta wavulana wamekaa juani nje ya lango. Mdogo wake alikuwa ameshavaa glavu zake za soksi kuukuu. Chiriku hakuweza kupita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Una nini asubuhi yote hii?"

"Ni mimi niliyepasua paneli. Nilichelewa zamu, nikaimwagia maji saa sita. Wavulana hawana kosa."

Fundi aliweka chini spana yake. "Paneli ninayo nyingine stoo, nitaibadilisha kabla ya adhuhuri. Lakini wale nimewaita waharibifu mbele ya mama zao. Jina lao jema nitalitoa stoo gani?" Akashusha pumzi. "Na mimi nimekosa. Nimehukumu kwa sababu ya mpira uliolala tu. Twende wote."

Langoni kila mmoja alieleza kosa lake na kuomba radhi. Golikipa alimkazia macho dada yake.

"Kwa hiyo jana uliniambia pole huku unajua?"

"Ndiyo," alisema Chiriku, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe."

Fundi alifungua kufuli. "Sikilizeni, wanangu. Kuchelewa zamu ni kosa, lakini kosa linalofichwa halikai peke yake, humtafuta asiyehusika likamwelemea. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajalipa. Chiriku, mwezi mzima zamu ya alfajiri ni yako."

"Sawa, fundi."

Wavulana waliingia uwanjani mbio. Golikipa alibaki nyuma kidogo, akivuta soksi zake.

"Basi njoo," alimwambia dada yake. "Utaokota mipira nyuma ya goli langu."