Spika za Mzee Iha

Haya yalimpata mjomba wangu Hiribae mwaka wa tisini na nane, mafuriko ya El Nino yalipokuwa yamepungua na watu wameanza kurudi mashambani. Wakati huo nilikuwa nikiishi kwake Garsen, kwa hiyo mengine niliyaona mwenyewe.

Mjomba alikuwa fundi wa redio, na alikodisha muziki wa harusi. Asubuhi moja alipata habari kwamba mzee Iha wa Ndera anauza spika mbili kubwa za zamani, za mbao tupu. Akaenda kuzitazama.

Alinieleza jinsi alivyozikagua. Aligonga mbao kwa vidole. Zikalia kavu, hazikuwa zimevimba. Mzee Iha akasema maji hayakuzigusa, alizipandisha darini mapema. Mjomba akabandua kitambaa cha mbele, akatazama ukingo wa mpira. Haukuwa umepasuka. Kisha akaisukuma polepole ile karatasi ya katikati inayotoa sauti, asikie kama inakwaruza ndani.

Haikukwaruza. Ilikuwa na joto. Iliingia laini, nayo ikamsukuma, na vidole vyake vikatoka na ute.

Akaunusa. Ulinuka kama mdomo wa mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kusukutua. Mjomba alitaka kuondoka. Lakini alipoziunga na betri ya gari na kuweka kaseti, sauti ilitoka safi mno, hata pumzi ya mwimbaji ikasikika. Akazinunua. Mzee Iha hakumsaidia kuzibeba. Alisimama mbali, mikono nyuma.

Mkewe mjomba, Sumayya, alizichukia tangu zilipoingia. Nzi walizifunika. Kitambaa cha mbele kililowa. Akikikausha, kinalowa tena, na juu yake hujitanda utando mweupe kama wa uji uliolala. Akaacha kula katika chumba kile.

Alasiri moja mjomba alikuwa akisikiliza kaseti, nami nikiwa kizingitini. Chini ya wimbo, mtu alikuwa anameza.

Anameza maji. Anakabwa. Anameza tena.

Mjomba akazima kaseti. Kumeza kukaendelea. Akang'oa nyaya. Kukaendelea.

Akaigeuza spika moja, akafungua skrubu za nyuma. Mahali pa pamba inayojazwa ndani ya spika palikuwa na nywele. Nywele za mvi, zimelowa, zimeshindiliwa hadi pembeni, nyingine bado zimesukwa. Msuko mmoja ulikuwa na kipande cha ngozi. Mjomba alitapika palepale. Na ile karatasi, isiyo na waya wowote, ikatetemeka.

"Iha," ikanong'ona. "Mimi kwanza."

Kesho yake mimi, mjomba na Sumayya tulizirudisha Ndera. Mzee Iha hakushtuka kutuona. Aliuliza jambo moja tu.

"Amesema nini?"

Sumayya akamwambia. Mzee akaketi chini, mchangani, akaeleza bila kututazama. Mkewe, Kalla, alikuwa hajiwezi, wa kulala tu. Maji yalipoingia nyumbani alimwita.

"Nilipandisha spika kwanza," alisema. "Niliporudi, kitanda kilikuwa kinaelea mlangoni. Kitupu."

Mwili haukuonekana kamwe. Jinsi nywele zilivyoingia ndani ya sanduku lililofungwa skrubu, aliapa kwamba hajui. Mimi nilimwamini.

Sumayya hakumpa pole. Alimletea karai la maji, akamwambia amwoshe mkewe. Mzee akaziosha zile nywele kwa mikono yake, msuko kwa msuko, akiondoa ute na vipande vya ngozi, huku akitapika kando na kurudi. Tulizifunga kwa kitambaa cheupe, tukazizika, tukaomba dua. Kisha tukazichoma spika. Mbao zilitoa mafuta. Zilinuka nyama. Mbwa walikuja, wakasimama mbali, wakarudi walikotoka.

Tangu hapo hatukusikia tena sauti ile.

Ila kiangazi kilipofika, sikio la kulia la mjomba liliziba. Muuguzi alilisafisha kwa bomba la sindano, akakinga kibakuli chini ya sikio. Likatoka tope jeusi, bichi. Alimwuliza mjomba kama alikuwa anaoga mtoni. Mjomba alikuwa hajakanyaga mtoni miezi mingi.

Muuguzi akainamia kibakuli, akakisukuma mbali naye.

Ndani ya tope kulikuwa na kiluwiluwi. Kilikuwa hai.