Michirizi Miwili kwenye Lami

Rafiki yetu mmoja, mwalimu mstaafu wa marubani wa kivita, alirudi kambini mchana kuchukua kofia yake ya zamani iliyobaki stoo. Stoo haikuwa na dirisha, giza totoro. Alipokuwa akipapasa rafu, akasikia pumzi nzito, kisha sauti ya mwanafunzi wake aliyekufa ajalini akitua ndege.

"Mwalimu, matangi ya mafuta bado yamejaa. Nitue kwa kasi gani?"

Siku ya ajali kijana alimuuliza hivyohivyo redioni, naye mwalimu akamjibu ovyo, "Ileile ya kila siku," ilhali ndege nzito hutaka kasi zaidi. Kwenye ripoti akaandika kwamba kijana hakusikiliza.

Mwalimu akaiacha rafu, akaigeukia sauti. "Ongeza ishirini, mwanangu. Nilikudanganya, nikakusingizia."

"Nimekupata, mwalimu."

Nje, kwenye uwanja wa ndege, magurudumu yakalia. Akakimbilia mlangoni. Uwanja ulikuwa mtupu, lakini kwenye lami michirizi miwili ya mpira ilikuwa ikifuka moshi.