Mkoromo wa Mama

Kila Jumapili, vyombo vikishaoshwa, Kasuku alijichimbia chini ya meza ya cherehani ya mama mdogo kusubiri simu ya mama yake. Jina la Kasuku alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake. Walisema hata usingizini hubishana na mto.

Mama alifanya kazi nchi ya mbali, akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Alipiga simu siku yake ya mapumziko tu, na mara nyingi, kisa cha Kasuku kikiwa kimeanza kunoga, upande wa pili ulisikika mkoromo. Kasuku hakukata. Aliilaza simu kando ya daftari, akafanya hesabu zake huku mama akikoroma.

Mwaka huo masharti ya viza yakabadilika. Zamani mzazi mwenye kibali cha kazi alimwita mwanawe kwa cheti cha kuzaliwa tu. Sasa mtoto mkubwa alihojiwa peke yake, mpaka ofisa aridhike kwamba yeye na mzazi wake wanajuana kweli. Kasuku alikuwa ameshaombewa viza; kama angekataliwa, angebaki kumngoja mama apate likizo, na likizo yenyewe haikujulikana lini.

Mama mdogo akaingiwa na hofu. Akamwita fundi viatu wa jirani, mtu ambaye hajawahi kupanda ndege lakini hakuna asilolijua kuhusu ndege. Fundi akamkaririsha Kasuku: mama anapiga kila siku, anauliza masomo, anamwimbia.

"Na mkoromo usiutaje," mama mdogo alisema, pini zimebanwa midomoni. "Watadhani hakujali."

Siku ya mahojiano, ofisa alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Kasuku akamwamkia, kisha akamwaga majibu yote bila hata kuvuta pumzi.

"Jana alikwambia nini?" ofisa aliuliza.

Kasuku akalitafuta jibu hilo katika yale ya fundi, halikuwamo.

"Jana hakupiga," alisema. "Hayo nilifundishwa. Hupiga Jumapili, na akipiga analala."

"Analala?"

"Anakoroma kabisa, kama mtu anayeburuta kiti. Halafu anasema, 'Mwanangu, funga mlango.' Namwambia nimeshafunga, ndipo anaendelea kulala."

"Mbona hukati simu?"

"Nikikata ataamka."

Ofisa akavua miwani, akaifuta taratibu. Kasuku alirudi nyumbani akilia, akiamini ameharibu kila kitu.

Jibu lilipotoka, viza ilikuwa imekubaliwa. Fundi viatu akatangaza mtaa mzima kwamba ni mafunzo yake. Mama mdogo alisubiri aondoke, akatoa pini zote mdomoni.

"Nisamehe, mwanangu. Tulikuvalisha uongo uliopimwa na fundi viatu, ndiyo maana ulikubana. Ukweli wako ulikuwa na kiraka, nami nikauonea aibu, kumbe ndio uliokukaa. Usimfiche mtu wako kwa sababu amechoka."

Jumapili iliyofuata mama alicheka, akalia, akauliza habari ileile tena na tena. Kisha kiti kikaanza kuburutwa.

"Mwanangu," akasema usingizini, "funga mlango."

Kasuku akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Uache wazi, mama. Nakuja."