Dume Mpya wa Kokubanza

Kila siku Kokubanza alikamua, akapeleka maziwa kwa majirani, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe. Yeye na mumewe Cassian walilima migomba na kahawa huko Rugera. Zizini walikuwa na ng'ombe jike Bihogo, binti yake Gaju, na dume mmoja mzee.

Asubuhi moja Gaju alizaa. Ndama alikuwa mdogo, na miguu haikumbeba. Kokubanza alimnyanyua, akamweka kwenye chuchu za mama yake. Hakuweza kunyonya. Jioni akafa. Huyo alikuwa ndama wa pili wa Gaju kufa.

"Dume wetu amechoka," alisema Cassian. "Tumuuze kwa wachinjaji, tununue mwingine."

"Safari hii tusinunue kwa macho tu," Kokubanza alijibu. "Tumwombe daktari twende naye."

Daktari waliyemtaja alikuwa Placidia, afisa mifugo wa kata. Alikubali. Siku ya mnada wakaenda wote watatu upande wa Kyerwa.

Mnadani Cassian alisimama mbele ya dume mmoja mkubwa. Pembe zake zilikuwa ndefu, na ngozi yake iling'aa.

"Mama Evelyn, tumempata," alimwambia mkewe. Alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni.

"Ngoja, Baba Evelyn," alisema Placidia. Akamgeukia mwenye dume. "Tafadhali mtembeze kidogo."

Dume akatembea. Alipogeuka, aliburuta mguu mmoja wa nyuma.

"Dume akipanda jike, uzito wote unakaa kwenye miguu ya nyuma," Placidia alieleza. "Huyu ataumia. Sasa tazameni korodani. Moja ni kubwa, nyingine ni ndogo sana. Dume wa mbegu awe na korodani mbili zinazolingana."

Watu walikuwa wanamtazama Cassian. Alitoa mkono mfukoni, lakini uso ulikunjamana.

Kokubanza akasogea mbele. Akaona dume mwekundu, si mkubwa sana, ametulia karibu na mzee mmoja mwenye fimbo. Mzee huyo aliitwa Nsanzimana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu mbona unamuuza? Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro," alijibu mzee. "Binti zake wamekua zizini kwangu. Nikimwacha, atawapanda watoto wake mwenyewe. Nitapata ndama dhaifu."

Kokubanza akamkumbuka Gaju. Dume wao mzee ndiye aliyekuwa baba yake Gaju. Na ndiye aliyempa Gaju mimba zote mbili.

"Daktari," aliuliza polepole, "kumbe ndama wetu walikufa kwa sababu hiyo?"

"Inawezekana kabisa," alisema Placidia. "Damu moja ikirudiarudia, ndama hudhoofika. Dume asikae kwenye zizi moja mpaka binti zake wafikie kupandwa."

Placidia akamfungua dume mdomo. Meno yote manane ya mbele yalikuwa ya kudumu. "Ana kama miaka mitano," alisema. Akakagua macho, kwato na korodani. Akasoma namba ya hereni sikioni na kuilinganisha na kibali cha kusafirisha mifugo alichokuwa nacho mzee. Mzee aliwaambia pia kwamba mama wa dume huyo alikuwa na maziwa mengi. Wakamnunua, na dume wao mzee wakamuuza kwa wachinjaji.

Walipofika nyumbani, Placidia alichukua damu ya dume ili ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba. "Damu ya ng'ombe wenu nitaichukua pia," alisema. "Ugonjwa huu hauonekani kwa macho. Hata mtu huupata kwa maziwa yasiyochemshwa. Dume akae peke yake mpaka majibu yatoke."

Baada ya siku nne Gaju alianza kulia na kupanda mgongo wa Bihogo. Alikuwa kwenye joto, yaani alitaka dume.

"Tumfungulie dume," alisema Cassian. "Tutapoteza nafasi hii."

"Joto litarudi baada ya wiki tatu," alijibu Kokubanza. "Akiwa mgonjwa, tutapoteza zizi zima."

Cassian alinuna siku mbili. Kokubanza hakufungua.

Majibu yalipotoka, ng'ombe wote walikuwa salama. Gaju akapandwa kwenye joto lililofuata. Baada ya miezi tisa akazaa ndama jike. Ndama alitikisa kichwa, akaanguka, akasimama tena. Hakungoja kusaidiwa. Akatafuta chuchu mwenyewe, akanyonya mpaka povu likajaa mdomoni. Cassian aliita majirani waje kumwona.

Wiki iliyofuata jirani yao Kemirembe alifika akivuta ng'ombe wake kwa kamba.

"Kokubanza, nimekuja kuomba dume."

"Karibu sana," alisema Kokubanza. Akasimama mlangoni mwa zizi. "Ng'ombe wako amepimwa damu?"

"Bado."

"Basi mrudishe kwanza. Namba ya Placidia ninayo. Ngoja nimpigie sasa hivi."